Tupeane uzoefu: mtoto kaumizwa, mkaripoti, halafu mnageuziwa kibao nyie ndio watuhumiwa

Mjomba wa Mbagala
Wakuu, habari za majukumu. Mpwa wangu wa kidato cha pili alipigwa na vijana wawili wa jirani mpaka mkono ukavunjika. Tulienda kituoni, tukapewa PF3, ile fomu ya polisi ya matibabu, daktari akaijaza, jalada likafunguliwa. Mambo yalikwenda vizuri hadi mmoja wa wale vijana alipolala mahabusu. Kesho yake simu: dada yangu na mtoto wanahitajika kituoni.

Tunafika kaunta, askari anafungua kitabu, anashusha kidole kwenye majina, anauliza, "Nyie leo walalamikaji au watuhumiwa?" Kumbe baba wa wale vijana kaandikisha kwamba mtoto alimvunjia kioo cha gari, na dada yangu alitishia kumuua kwa maneno. Muda alioutaja, sisi tulikuwa hospitali kwenye benchi tukisubiri picha ya mkono.

Jioni akaja mzee mmoja anayeheshimika pale mtaani: "Wanangu, futeni yenu nao wafute yao, ujirani ni bora kuliko kesi." Ndipo nikaelewa kile kioo kilivunjikia nini.

Waliopitia haya, ilikuwaje? Naomba yaliyowakuta, ushauri wa kinadharia ninao wa kutosha.

Kijana wa Kitambo
Pole mkuu. Nchi hii mwenye hela ndiye mlalamikaji.

Bi Mkubwa Tanga
Mimi ilikuja kwa barua ya wakili. Binti yangu alifanyiwa ukatili na mtu anayejulikana mjini, tukaenda Dawati la Jinsia na Watoto pale polisi. Kesi haijafika hata mahakamani, naletewa bahasha: nimemchafulia jina, nilipe milioni hamsini na niombe radhi hadharani. Mimi nauza vitenge! Nililala na ile barua chini ya mto kama vile ni hukumu.

Wakili wa msaada aliisoma, akaniuliza swali moja tu: "Haya maneno ulimwambia nani?" Nikamwambia polisi, daktari na mwalimu mkuu. Akasema hapo nimekaa vizuri, maana taarifa iliyopelekwa kwa nia njema kwa mhusika anayepaswa kuipokea ina kinga. Akauliza tena, "Na kwenye magrupu?" Mdogo wangu alikuwa amerusha picha ya yule mtu na maneno makali chini yake. Hapo sura ya wakili ilibadilika kidogo. Tukaitoa usiku uleule.

Mkuu wa Kijiwe
Bi Mkubwa umegusa penyewe. Sisi walituacha kwenye kesi ya msingi, wakatukamatia kwenye status. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, kifungu cha 16, taarifa za uongo. Kaka yangu alizungushwa kituo hadi kituo, na mtuhumiwa wetu anakunywa soda mtaani.

Mwana wa Voi
Nawasalimu kutoka Kenya. Kwetu sheria yenyewe iliwahi kuwapa silaha. Sheria ya Makosa ya Ngono ya 2006 ilikuwa na kifungu cha 38: ukisemekana umetoa madai ya uongo, adhabu yako ni sawa na ya kosa ulilodai. Sasa fikirieni unajisi wa mtoto mdogo, ambao kifungo chake ni cha maisha. Mama gani atathubutu kwenda stesheni kuandikisha OB, kile kitabu cha matukio cha polisi? Kifungu kilifutwa 2012. Lakini mamangu alitishwa nacho baadaye kabisa, na mtu aliyejiita mjuzi wa sheria, mbele ya chifu. Hakujua kimefutwa, wala sisi hatukujua. Akaondoa maneno yake. Hiyo kesi ilifia hapo, na ndugu yangu mpaka leo hapendi tuiongelee.

Msaidizi wa Kisheria
Nifafanue upande wa Tanzania, maana hiki kitisho nakutana nacho kila mara. Kuna kifungu cha 122 cha Kanuni ya Adhabu, kutoa taarifa za uongo kwa mtumishi wa umma. Lakini lazima ithibitike kwamba mtoa taarifa alijua au aliamini ni uongo. Mshtakiwa kuachiwa kwa sababu ushahidi haukutosha si uthibitisho kwamba mtoto alidanganya. Watu wanachanganya haya mawili, na wanaotisha wanapenda yachanganyike.

Tena Sheria ya Mtoto ya 2009 inamtaka mwanajamii atoe taarifa akiona haki za mtoto zinavunjwa. Na kosa kama ubakaji mzazi hana mamlaka ya kulifuta. Kesi ni ya Jamhuri, anayeweza kuiondoa mahakamani ni DPP, yaani Mkurugenzi wa Mashtaka. Kwa hiyo anayekuuzia "tufute zote mbili" kwenye kosa la namna hiyo anakuuzia kitu ambacho wewe humiliki.

Mjomba, mambo yenu mawili yasikae kwenye mazungumzo mamoja. Lenu lina namba yake, lao lina namba yake. Karatasi za hospitali zenye tarehe na saa mnazo?

Mjomba wa Mbagala
Tunazo, hadi risiti ya picha imeandikwa saa. Mpelelezi wa jalada lao bado hajaiona. Ninachohofia ni mtoto kupandishwa kizimbani na hilo plasta mkononi.

Msaidizi wa Kisheria
Akishtakiwa, shauri lake ni la Mahakama ya Watoto. Halisikilizwi hadharani, mzazi anakuwepo na afisa ustawi wa jamii anakuwepo. Akiitwa kuhojiwa asiende peke yake, na asichanganywe na watu wazima. Nakala ya risiti mpelekeeni mpelelezi wao kwa barua, mbaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Mdomo haugongwi muhuri. Dhamana ya polisi ni bure, akikuombeni "ya karatasi" ombeni risiti.

Bi Mkubwa Tanga
Na yule mzee wa mtaa mpokeeni, mpeni chai, ila msisaini kitu. Mimi nililetewa karatasi ya "mapatano" iliyochapwa tayari, jina la binti yangu wamelikosea herufi.

Mjomba wa Mbagala
Hahaa, ya kwetu imeandikwa kwa mkono na shahidi keshasaini. Jumatatu tunapeleka barua, nitaleta mrejesho. Wengine endeleeni kushusha.