Kisima cha mama Msambweni: jiwe la matumbawe huchuja maji kweli?

Mtu wa Kayole
Habarini wadau. Niko Nairobi kikazi, nyumbani Msambweni. Mama anachimbiwa choo cha shimo hatua 25 kutoka kisimani. Fundi anasema jiwe la matumbawe linachuja, nisihangaike. Lakini Mei, mvua ilipopiga siku tatu, maji yalitibuka yakawa kama chai ya maziwa, na mjukuu akaharisha. Tena mama anasema wakati wa bamvua maji ya kisima hupanda na kushuka. Nimwambie fundi asimame?

Msoma Miamba
Asimame leo, ndugu yangu. Matumbawe ni chokaa. Mvua hubeba kaboni dioksaidi ya angani, na zaidi ile ya udongoni, ikawa asidi hafifu. Asidi hiyo hula jiwe taratibu: ufa unakuwa mfereji, mfereji unakuwa pango. Mapango ya Amboni kule Tanga nayo yamo kwenye jiwe la chokaa. Mchanga huchuja kwa sababu maji hupenya polepole. Kwenye chokaa yanakimbia kama bombani.

Kusini mwa Ujerumani kuna milima ya chokaa ambako mto Danube huzama ardhini. Mwaka 1877 Adolf Knop alimwaga humo kilo 10 za rangi, pamoja na chumvi na mafuta. Saa 60 baadaye rangi ikatokea kwenye chemchemi ya Aach, kilomita 12 mbali. Hiyo ni mita 200 kwa saa! Sasa zitazame hatua zako 25.

Na huko kupanda na kushuka na bahari kunaashiria kisima huenda kimeungana na nyufa.

Mama Donholm
Ndiyo maana nikirudi Pwani birika la dada yangu lina ukoko mweupe! Je, sisi huku Nairobi tuko salama?

Msoma Miamba
Ndiyo, mama, ukoko ule ni chokaa iliyoyeyuka. Nairobi tumekalia mawe ya volkano, hayayeyuki hivyo. Ila nayo yana nyufa, kwa hiyo choo kiwe mbali vilevile.

Mtu wa Kayole
Nimempigia mama. Shimo lilikuwa limefika futi nne, limesimama. Tutajenga tangi la choo la saruji lisilovuja, juu ya ardhi, linyonywe likijaa. Na maji ya sasa?

Msoma Miamba
Ya kunywa achemshe, hata yakionekana maangavu. Sampuli ya kupima ichotwe mara tu baada ya mvua kubwa. Ya kiangazi itakudanganya.