Farasi na punda wasio na malisho, Malindi na Amu (Lamu): nyasi kavu, majani mabichi, mabua au pumba?

KwatoNne (Malindi)
Assalaam alaykum wanajukwaa. Nauliza kuhusu zizi la farasi watatu karibu na ufuo, wa kilo 350 hivi kila mmoja, pamoja na punda wawili wa mkokoteni wa maji. Pa kuchungia hapana, kuna ua wa mchanga tu. Masika yakishakatika tunabaki na njia nne: marobota ya nyasi kavu za Boma Rhodes kutoka bara, majani mabichi ya kukatwa pembeni mwa mto Sabaki, mabua ya mahindi kutoka mashamba ya Magarini, na pumba za dukani. Wengine wanaleta pia nyasi za mashine kutoka bustani za hoteli, bure. Lipi liwe msingi, lipi liwe nyongeza, na lipi lisivuke mlango wa zizi?

Shogi_la_Amu
Waalaykum salaam. Kabla ya kulinganisha, jua mnyama ana kilo ngapi. Kwa farasi, chukua utepe wa fundi cherehani, pima mzingo wa kifua nyuma ya miguu ya mbele, kisha urefu kutoka ncha ya bega hadi ncha ya tako, kwa sentimita. Mzingo mara mzingo mara urefu, gawanya kwa 11,880. Kifua 165 na urefu 150 ni kama kilo 344. Punda umbo lake ni jingine, hesabu hiyo usiitumie kwake. Mwenye kifua cha sm 110 huwa na kilo 115 hadi 120.

Farasi asipungukiwe na kilo moja na nusu ya chakula kikavu kwa kila kilo 100 za mwili wake kwa siku, na mbili ndizo bora akifanya kazi. Punda anatosheka na pungufu ya hapo, 1.3 hadi 1.8, kwa sababu utumbo wake unakamua vizuri hata majani makavu yaliyokomaa. Nasema chakula *kikavu*, maji yakiwa yametolewa. Hapo ndipo watu wanapopotea. Nyasi kavu ina maji kama asilimia 12 tu, lakini majani mabichi robo tatu au zaidi ni maji. Kwa hiyo farasi wa kilo 350 anahitaji kilo 7 kavu: hiyo ni kama kilo 8 za nyasi kavu, au kilo 28 za majani mabichi. Mzigo mmoja wa baiskeli wa majani mabichi unaonekana mlima, na kumbe ni chakula cha farasi mmoja kwa siku moja tu.

Bei nayo ipigie hesabu hivyo hivyo. Tuseme robota la kilo 12 ni shilingi 400 na mzigo wa majani wa kilo 30 ni shilingi 250. Robota lina kama kilo 10.5 kavu, mzigo una 7.5. Gawanya: 38 kwa 33 kwa kilo. Tofauti ni ndogo kuliko macho yanavyosema, na robota linawekeka.

DaktariWaZizi
Shogi kamaliza hesabu, mimi niongeze sababu. Tumbo la farasi ni dogo, lita 8 hadi 15, na linatoa tindikali mchana na usiku, awe anakula au hali. Mate ndiyo yanayoipoza, na mate hayaji bila kutafuna. Mnyama akikaa saa sita bila kitu mdomoni, tindikali inaanza kuchoma ukuta wa tumbo. Kilo moja ya nyasi kavu humchukua farasi dakika 40 hivi za kutafuna; kilo moja ya pumba au punje haifiki robo ya muda huo. Ndiyo maana majani ndiyo msingi, na pumba haziwezi kushika nafasi yake hata kama nguvu yake kwenye makaratasi ni kubwa.

La pili ni utumbo mpana. Humo mna bakteria wanaochachusha nyuzinyuzi. Wanga ukizidi kwa mlo mmoja hausagwi wote juu, unateremka huko, bakteria wengine wanalipuka, asidi inapanda, na matokeo ni msokoto wa tumbo au uvimbe wa ndani ya kwato. Kwa farasi wa kilo 350, punje au pumba zisizidi kilo moja na robo kwa mlo mmoja, na zikiwa mahindi matupu punguza hadi nusu kilo. Mabadiliko yoyote ya chakula yachukue siku 7 hadi 10, ukiongeza kidogo kidogo.

Nyasi za mashine za hoteli: kataa moja kwa moja. Zimekatwa fupi mno, mnyama anazimeza bila kutafuna. Zikirundikwa saa chache zinapata joto na kuchacha, na zinaendelea kuchachia tumboni. Juu ya hayo, bustani hupigwa dawa za wadudu na za magugu, na hakuna atakayekwambia zimepigwa lini.

BintiWaMambrui
Kwa upande wa majani ya mtoni, angalia unakata nini. Matete yakiwa machanga yana maji na sukari, yakizidi kimo cha mtu shina lake linakuwa mti. Yakate yakiwa ya kiunoni, yaache yanyauke kivulini nusu siku, kisha yapasue vipande vya urefu wa kiganja, si vifupi zaidi. Na yasitoke mahali ambapo maji ya mafuriko yamelala, kwa maana matope kwenye majani ni mchanga wa bure tumboni.

Miti nayo iangaliwe. Lusina inasifiwa kwa mbuzi na ng'ombe, ila farasi na punda akiila kwa wingi manyoya ya shingo na mkia yanapukutika, kwato nazo zinaharibika. Sumu yake inaitwa mimosini. Mzigo ukiwa na vitawi vichache vya lusina, vichambue na uvitupe.

Shogi_la_Amu
Naam, hilo la mchanga lizungumzwe zaidi maana ndilo linaloumiza huku kwetu. Mitaa ya Amu na nyua za Malindi zote ni mchanga. Ukimwaga chakula chini, mnyama anaokota mabaki kwa midomo na kila mara anameza chembe. Chembe nyingi hazitoki, zinatuama chini ya utumbo kama simiti iliyomwagwa. Chukua mavi mabichi kama machungwa mawili, yaweke ndani ya chupa ya plastiki yenye maji, koroga, itundike imeinama usiku kucha. Asubuhi tazama chini: mchanga wa kijiko cha chai au zaidi ni onyo.

Dawa yake ni hori. Mbao za mkoko au pipa lililopasuliwa katikati, kingo zikakunjwa, likawekwa juu ya sakafu ya saruji au mkeka mzito wa mpira unaozidi hori kwa hatua moja kila upande. Watu wa pwani tunapenda kutumia nyavu kuukuu za samaki. Zinafaa kumchelewesha mlaji ikiwa matundu yake ni ya sm 3 hadi 4, ila nailoni iliyochakaa hukatika, vipande vikamezwa, na kwato huingia wavu ukining'inia chini. Ufunge juu kiasi kwamba ukiwa mtupu bado uko juu ya goti la mnyama, na utupe ule ulioanza kuchanika. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku tangu Agosti 2017, ila kamba na magunia ya simiti bado yamejaa vichochoroni, na punda mwenye njaa huyala yote. Punda aliyeshiba nyuzinyuzi kwa kawaida hagusi takataka.

KwatoNne
Shukrani. Na mabua? Yako mengi na bei ni ya chini sana.

BintiWaMambrui
Kwa punda yanafaa, hadi nusu ya chakula chake, bora yawe na majani. Farasi yasizidi theluthi moja, kwa sababu shina kavu bila maji ya kutosha hujikusanya na kuziba utumbo. Mahindi yavunwe kwanza, mabua yasimame shambani yasilowe, yaletwe yakiwa ya kijani-manjano. Yaliyogeuka kijivu au yenye vumbi jeusi ni ya kuchoma.

DaktariWaZizi
Hapo nisisitize, maana hili linaua. Mahindi yaliyoota ukungu, yawe punje, magunzi, pumba au mabua yenye magunzi, yanaweza kubeba sumu iitwayo fumonisini. Kwa ng'ombe athari yake ni ndogo. Kwa farasi na punda inayeyusha ubongo. Mnyama anaanza kuzungukazunguka, anaegemeza kichwa ukutani, haoni, na kwa kawaida anakufa ndani ya siku chache. Tiba hakuna. Sumu hukaa zaidi kwenye ganda la punje na kwenye punje zilizovunjika, yaani vile vitu vinavyoishia kwenye pumba. Kuosha au kuanika juani hakuiondoi. Pumba ikigandamana au kunuka uvundo, isitumike hata kidogo.

Na msimpe farasi wala punda chakula cha kuku, wala chumvi ya ng'ombe bila kusoma kibandiko. Baadhi huwekwa monensini, dawa inayomkuza ng'ombe na kumzuia kuku asihare damu. Kiasi ambacho ng'ombe hajali husimamisha moyo wa farasi.

MachichaNaTui
Kuna chaguo ambalo halijatajwa na liko kwetu kila siku: nazi. Mashudu ya nazi, yaani mabaki ya nazi iliyokamuliwa mafuta, yana protini kama asilimia 20 na wanga kidogo sana, kwa hiyo yanaongeza mwili bila hatari ya punje. Yalowekwe kwanza, kipimo kimoja cha mashudu kwa viwili vya maji, mpaka yafure. Kwa farasi wa kilo 350 anza na gramu 200, upandishe hadi kilo moja kwa siku, milo miwili. Kwa punda wa mkokoteni gramu 300 zinatosha, na asiyefanya kazi hazihitaji.

Machicha ya jikoni si mashudu. Yamebaki na tui, na kwa joto la Malindi yanachacha kabla ya adhuhuri. Yaliyokunwa asubuhi hii, konzi mbili, sawa. Ya jana yapelekwe kwenye mbolea.

Shogi_la_Amu
Anayetumia pumba za ngano au mahindi akumbuke kalisi (kalsiamu). Pumba za ngano zina fosforasi karibu mara kumi ya kalisi, na mfupa unataka kinyume chake. Akilishwa hivyo miezi mingi, mwili unachota kalisi kwenye mifupa, uso unavimba juu ya meno, anachechemea bila jeraha. Nyasi za joto kama bafeli, seteria na gini zina oksaleti inayofunga kalisi, zinaongeza tatizo. Kila kilo ya pumba iendane na gramu 30 za chokaa ya mifugo. Ya mifugo, si ile ya kupaka ukuta inayochomwa kwa matumbawe. Hiyo inaunguza mdomo. Lusani kavu (alfalfa, si ile lusina), kilo moja kwa siku, ina kalisi ya kutosha na inasaidia zaidi.

KwatoNne
Basi mpango ni huu, mnirekebishe. Farasi: kilo 4 za Rhodes katika milo minne, ya mwisho kubwa zaidi saa nne usiku, kilo 8 za matete yaliyonyauka, nusu kilo ya mashudu ya nazi, lusani kilo moja. Punda: Rhodes kilo moja na robo, mabua kilo moja na robo, mashudu siku za kazi tu.

DaktariWaZizi
Mizani imekaa. Punda akikonda, ongeza Rhodes, si mashudu. Ongeza chumvi ya kawaida, gramu 10 kwa kila kilo 100 za mwili, na mara mbili akitoka jasho jingi kipindi cha kaskazi. Maji yawepo saa zote, ndoo ioshwe kila siku: farasi anaweza kunywa lita 20 hadi 40, punda 10 hadi 20. Maji ya kisima yakiwa na chumvi anakunywa pungufu, na mabua makavu pamoja na maji pungufu ndiyo njia ya mkato ya kuziba utumbo.

BintiWaMambrui
Marobota yakifika, pasua moja na uingize mkono hadi katikati. Likiwa la moto au unyevu, rudisha mzigo. Mengine yapange juu ya boriti, kiganja kimoja kutoka sakafuni na viwili kutoka ukutani, upepo wa bahari upite chini yake.