Nataka kuifufua baiskeli ya Black Mamba ya marehemu baba kwa shilingi 9,000, nianzie wapi?

Mwana wa Butere

Habari za jioni wadau. Wikendi iliyopita nilikuwa nyumbani Butere tukirekebisha paa la ghala, na nyuma ya magunia nikaikuta baiskeli ya baba. Ni Raleigh, ile nyeusi ndefu yenye breki za vyuma. Nikiwa darasa la pili alinipakia mbele kwenye bomba, na nilipoingia kidato cha kwanza akanikabidhi. Nimeiendesha miaka minne, kilomita saba kwenda na saba kurudi. Keria bado ina mikwaruzo ya waya aliofungia debe la mahindi akienda kisiagi. Nilipoipitisha kidole nilishindwa kuongea.

Hali yake: madigadi ya nyuma imeliwa na kutu, tairi zimekauka zikapasuka, kiti kimebaki springi tupu, bomba la kiti limekwama, halipandi halishuki. Krenki ya kushoto, ule mkono wa pedali, inacheza. Fremu nimeigonga kote, inalia vizuri.

Naishi Kondele, Kisumu. Nataka nimpeleke binti yangu shule asubuhi, kisha nipande kilima cha Riat kazini. Jamaa mmoja sokoni ameniambia nitoe kila kitu, niweke rimu za kisasa na breki za waya, nipake nyekundu. Mimi nataka ibaki ya baba, lakini pia ipande kilima. Nina 9,000 na siongezi kitu kabla ya Desemba. Nisaidieni.

Spana 15

Pole kwa mzee, ndugu, na hongera kwa kutoiuza kwa wa vyuma chakavu.

Usinunue rangi bado. Pesa yako ya kwanza iende kwenye vitu vinavyozunguka na vinavyosimamisha: tairi, tyubu, gololi, grisi, cheni, raba za breki. Rangi ni ya mwisho, hata ikibidi ingoje Desemba.

Sasa nisikilize vizuri hapa. Raleigh za zamani zina thredi zao, ile mikato ya skrubu. Vikombe vya krenki, vinavyoshika gololi ndani ya fremu, vina thredi 26 kwa inchi, lakini vya baiskeli nyingi vinavyouzwa madukani ni 24. Vinaanza kuingia kama vinakubali, kisha vinashika. Fundi asiyejua anaongeza nguvu ya spana, na thredi za fremu zinakwisha. Mimi nilipoteza fremu ya marehemu mjomba hivyo, na sijasahau. Kwa hiyo vikombe vya baba usivitupe. Vioshe kwa mafuta ya taa, vikaushe, uvitazame juani. Njia ya gololi ikiwa inang'aa bila mashimo, virudishe. Badilisha gololi tu, za robo inchi, 11 kila upande, na ekseli kama imelika.

Krenki inacheza kwa sababu ya pini inayoishika kwenye ekseli. Ukiitoa, weka kipande cha bomba nzito chini ya krenki kiguse sakafu, ndipo upige nyundo. Bila hicho kipigo chote kinaishia kwenye gololi na vikombe. Pini mpya inakazwa kwa nyundo, nati inaishikilia tu. Endesha kama kilomita kumi, uigonge tena, ukaze nati.

Na pedali ya kushoto inafunguka kinyume, kwa kuzungusha kama mshale wa saa. Wengi huivunja hapo.

Dada wa Milimani

Kaka, mimi niongee kuhusu mtoto. Mguu wa mtoto ukiingia kwenye spoki ni jambo la sekunde moja. Kabla ya kengele na mapambo, mtafutie fundi wa kuchomelea akuwekee vikanyagio pande zote mbili za ekseli ya nyuma, kisha funika spoki kwa wavu mgumu au ngozi kutoka keria mpaka chini. Juu ya keria weka mto wa sponji wenye kifuniko cha ngozi, kama ile ya boda boda za baiskeli zilizoanzia mpakani Busia miaka ya 1960. Na awe na kitu cha kushika nyuma ya kiti chako, asishike shati.

Spana 15

Dada amesema kweli. Kuhusu rimu, usikubali za kisasa. Raba za breki hizi zinavutwa juu zikabana rimu kwa ndani, upande wa spoki, na rimu ya kawaida haina mahali pa kubanwa hivyo. Kagua rimu zako kwenye matundu ya spoki kwa ncha ya bisibisi. Isipotoboka, piga brashi. Tairi ni 28 x 1½, pembeni imeandikwa 635. Usiuziwe ya 622 eti zote ni 28, tofauti ni milimita 13 na haikai kamwe. Mvua ikinyesha, rimu ya chuma haishiki haraka, anza kufunga breki mapema.

Kilima: hesabu meno ya gia. Kama mbele ni 48 na nyuma 18, mzunguko mmoja wa pedali unakupeleka karibu mita 6. Weka friwili (gia ya gurudumu la nyuma) ya meno 22, inakuwa kama mita 4.9. Cheni utaiongeza kidogo. Ni badiliko dogo na linarudishika siku yoyote.

Bomba la kiti, mimina mafuta ya kupenyeza jioni tatu mfululizo, kisha zungusha kushoto na kulia. Usivute.

Mwana wa Butere

Asanteni sana wote. Leo nimefungua krenki juu ya gazeti, na bomba chini kama Spana alivyosema. Kikombe cha kulia kinang'aa kama kioo. Cha kushoto kina shimo moja dogo kama kichwa cha sindano. Nimehesabu meno pia, ni 48 kwa 18 kweli.

Nikipangusa shingo ya fremu kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, chini ya rangi ya mafuta aliyopaka baba kwa mkono, nembo ya yule ndege ikatokea, na bado ina dhahabu kidogo shingoni. Spana, kwa shimo hilo moja, nirudishe kikombe au nitafute kingine cha Raleigh soko la Kibuye Jumapili?

Spana 15

Usipopata kingine, kirudishe na grisi ya kutosha, kitakusogeza mpaka Desemba. Lakini Jumapili kwanza nenda na fremu, ukikuta cha zamani kijaribu kwenye thredi zake kwa mkono. Kikiingia mizunguko mitatu bila spana, nunua. Na nembo hiyo ibandike selotepu kabla mtu yeyote hajasogea na rangi.