Hivi kwa nini rubani mchanga anapewa ndege vita ya kizamani, tena juu ya mji wa watu?

Utingo Mstaafu

Wakuu habari za usiku. Kuna kitu kinanisumbua tangu ile ajali ya Bangladesh ya tarehe 21 Julai 2025, ile ndege vita iliyoangukia shule kule Uttara, Dhaka, saa saba mchana. Mimi si mtu wa ndege, maisha yangu nimeyalia kwenye maroli, nilianza utingo mpaka nikakabidhiwa semi, kwa hiyo swali likionekana la kishamba mnivumilie.

Kwenye maroli hakuna anaekupa semi siku ya kwanza. Utaosha gari, utapiga jeki, utafunga turubai mvua inanyesha, ukibahatika baada ya mwaka unaruhusiwa kuisogeza ndani ya yadi bosi akiwa kantini. Halafu unapewa Canter, baadae Fuso, semi ndo mwisho na unaanza nayo ikiwa tupu. Na tajiri mwenye akili hampi dogo ule mkweche ambao breki mpaka uzipampu mara tatu, mkweche anaendesha mzee anaejua tabia zake.

Sasa jeshini naona kama kinyume. Yule rubani ilielezwa ndo ilikuwa mara yake ya kwanza kuruka peke yake na ile ndege, na ndege yenyewe F-7 ambayo ni MiG-21 ya Mrusi ilionakiliwa na Mchina, mchoro wa miaka ya 50 huko. Wamekufa watu zaidi ya 30, wengi watoto wadogo, na yeye mwenyewe. India nao hiyo MiG-21 wameiita jeneza linaloruka miaka nenda rudi na bado walikuwa wanawapandisha vijana. Ni umaskini tu au kuna sababu ya kitaalamu mimi siijui?

Chumvi ya Uvinza

Jibu fupi mkuu, hela. Mpya za kupita kwenye gwaride, chakavu za madogo. Na hiyo ni ya Mchina, unategemea nini, mi redio yangu haikumaliza hata mwezi.

Spana Namba 13

Chumvi redio yako iache nyumbani. Nimeshika spana kwenye ndege miaka kadhaa, za kiraia, jeshini sijawahi kuwepo kwa hiyo msinifuate inboksi kuuliza siri za nchi. Na F-7 ziliuzwa nchi nyingi tu, hata sisi Tanzania tunazo, kwa hiyo tusiongee kama ni mambo ya watu wa mbali.

Kwanza hilo la uchakavu mmelipokea vibaya. Iliyoanguka Dhaka ni F-7BGI, na Bangladesh walipokea hizo za mwisho mwaka 2013, kiwanda cha Chengdu huko China kikamaliza kuzitengeneza. Yaani siku inaanguka ilikuwa na kama miaka 12 tu. Gari la 2013 likishuka bandarini leo hapa Bongo si tunalichinjia kuku? Chuma hakikuwa kizee, kilichozeeka ni mchoro, na hapo ndo pana mambo.

MiG-21 ilichorwa kwa kazi moja, ipande juu haraka, imuwahi mshambuliaji wa Kimarekani, irudi chini. Bawa jembamba la pembetatu, pua ndefu. Kwenye mwendo mkubwa ni mshale, tatizo ni ikiwa polepole karibu na ardhi. Inatua kwa zaidi ya kilomita 300 kwa saa, na ukiinyanyua pua ili upunguze mwendo lile bawa linaanza kuivuta ndege nyuma kuliko ulivyotegemea, inashuka kama jiwe, unatakiwa uongeze moto, na injini ya zile za zamani ukisukuma mkono haiitiki hapohapo, inavuta pumzi kwanza. Mzee mwenye masaa yake anaisikia kwenye makalio kabla saa haijaonyesha, dogo anaisoma kwenye saa, na ukisubiri kusoma umechelewa. Utingo semi likikushinda unakanyaga breki, hata ukigonga ukuta umesimama. Hii ukipunguza mwendo ndo umejimaliza. Sisemi ndo kilichotokea Dhaka, naeleza kwa nini ndege ya namna hii haimsamehe mgeni.

Pili, "kuruka peke yake mara ya kwanza" watu walielewa kama vile dogo hajawahi kushika ndege. Hapana. Huwezi kufika hapo bila kupita kwenye ndege ya mafunzo ya panga, kisha jeti nyepesi, kisha F-7 ya viti viwili mwalimu yuko nyuma yako. Peke yake maana yake ni siku ya kwanza kiti cha mwalimu hakipo. Alikuwa rubani, ila mgeni kwenye hiyo ndege.

Sasa Utingo mfano wako wa Canter, Fuso, semi ndo jibu lenyewe. India walikosa Fuso. Vijana walikuwa wanatoka kwenye Kiran, kijeti cha kujifunzia cha polepole, wanaingia kwenye MiG-21 moja kwa moja, mpaka wakaunda kikosi kizima cha kufundishia vijana kwenye MiG kule Tezpur. Ni sawa umtoe mtu kwenye Canter umkabidhi tangi la mafuta aanze nalo kushuka Kitonga. Na walilijua! Mwaka 1982 kamati ya La Fontaine ilishawaambia tafuteni jeti ya kati ya mafunzo. Mkataba wa Hawk, ndo jeti yenyewe hiyo ya kati, na Waingereza wamekuja kusaini 2004, ndege zimeanza kazi kambi ya Bidar 2008. Hesabu mwenyewe hapo katikati. 2012 waziri wao wa ulinzi A.K. Antony akaliambia bunge kwamba katika MiG 872 walizonunua, 482 zimeshapata ajali, marubani 171 na raia 39 wamekufa. Hizo ni MiG za aina zote, ila 21 ndo zilikuwa nyingi.

Jirani wa Nanyuki

Spana umenikumbusha kitu. Sisi Kenya tulinunua Hawk 12 mwaka wa 1980, eti India na ukubwa wake wote ikangoja 2008! Mimi nimekulia karibu na kambi ya Laikipia, ndege vita zetu za F-5 zikipita mbuzi wanakatisha kamba na mwalimu anaacha kufundisha mpaka zipotee, na hizo F-5 zenyewe zilianza kuingia miaka ya sabini huko, zingine tukaongezwa za mtumba kutoka Jordan. Kwa hivyo hadithi ya mtumba tunaijua vizuri sana.

Na msisahau tarehe 18 Aprili 2024 tulimpoteza mkuu wa majeshi yetu, Jenerali Ogolla, na wengine tisa kwa helikopta ya Huey. Yeye mwenyewe alikuwa rubani wa ndege vita, hiyo ndiyo iliniuma zaidi.

Spana Namba 13

Pole sana ndugu, msiba ule uligusa watu hata huku. Ila ile ni helikopta kwenye safari ya kikazi, tuiweke pembeni kidogo, tukichanganya kila ajali ya jeshi hatutafika.

Mgeni wa Hamburg

Mnaosema hela na mtumba, huku nilipo walikuwa na hela na ndege zikiwa mpya ndani ya plastiki bado zikawaua. Ujerumani Magharibi miaka ya 60 walichukua Starfighter 916, ile F-104, ndege vita ya Mmarekani. Karibu 300 zilianguka, marubani 116 wakafa. Wajerumani wenyewe waliipa jina, kwa Kiswahili tungesema mtengeneza wajane. Wazee wa huku ukiwauliza wanalo jibu la utani, eti ukitaka Starfighter nunua shamba usubiri ikuangukie.

Sababu ni ileile ya Spana. Ndege ilichorwa kuwahi juu hewa ikiwa safi, wao wakaifunga mabomu waipeleke chinichini kwenye mawingu. Na vijana walikuwa wanafundishwa Arizona, jangwani, jua mwaka mzima, unaona mpaka kesho, halafu wanarudi huku kwenye ukungu wa Novemba ambao mimi hata baiskeli siendeshi. Mafundi nao wapya, wengi walikuwa vijana wa kuitwa jeshini kwa lazima, wakishaanza kuielewa ndege muda wao umeisha wanaondoka. Mpaka 1966 akawekwa mkuu mpya wa jeshi la anga, Steinhoff, rubani mkongwe mwenye makovu ya moto usoni kwa ajali yake ya vita ya pili, akakaza kwenye mafunzo na ufundi, ajali zikapungua. Zikapungua tu. 1970 mtoto wa von Hassel, ambae alikuwa waziri wa ulinzi kwenye miaka ile mibaya, akafa na Starfighter hiyohiyo.

Chumvi ya Uvinza

Haya redio nimeiondoa 😂 ila Spana kwenye maelezo yako yote umeruka spea. Hizi za kizamani spea zinatoka wapi? Si ndo zile za kuchinja moja ili tatu ziruke?

Spana Namba 13

Hapo umeuliza la maana. Ndio zinachinjwa, na Mrusi alipovunjika 1991 India walihangaika sana na spea. Ila hasara kubwa ya kuchinja watu hawaioni. Zikiruka tatu badala ya kumi, masaa ya kuruka yanakuwa machache, na wakigawana hayo machache nani anakatwa wa kwanza? Dogo. Sasa anarudi kwenye ndege baada ya wiki tatu mikono imeshasahau, na ndege yenyewe ndo ile isiyosamehe. Kwa hiyo hata kama kila bolti iko sawa siku hiyo, uchakavu umeshamfikia kwa mlango wa nyuma.

Bint Sur

Assalaam alaykum. Mie nipo Maskati, kazini kwetu nusu ya watu ni Wabangladeshi, basi siku ile nnaikumbuka. Alaasiri hakuna aliefanya kazi, kila mtu na simu yake. Kuna mmoja mpishi wetu, mtu wa Dhaka hukohuko, aliacha wali jikoni ukaungua mpaka harufu ikafika ofisini, hakuna aliemsemesha, tukala mikate. Dada yake anakaa Uttara na mtoto anasoma eneo lilelile, si shule ile lakini simu ilikuwa haipiti. Walipatikana magharibi, alhamdulillahi.

Yeye ndie alienambia habari za yule mwalimu, Maherin Chowdhury, aliekuwa anawatoa watoto darasani na moto unawaka, wanasema kama ishirini hivi waliokoka kwa mkono wake, akarudi tena ndani, yeye akafa kwa majeraha ya moto. Mnazungumza mabawa na injini sawa, lakini wale wazee wa watoto suala lao halikuwa ndege ya mwaka gani. Suala lao lilikuwa kwa nini mnajifunzia juu ya vichwa vya watoto wetu.

Utingo Mstaafu

Dada Bint Sur umenikata maini. Na hilo ndo nusu ya pili ya swali langu halijajibiwa. Hata sisi dogo tulimpeleka barabara ya vumbi kule nyuma ya viwanda Jumapili, sio Kariakoo. Kwani hawana sehemu nyingine?

Spana Namba 13

Kambi yao ya Kurmitola iko pamoja na kiwanja kikuu cha Dhaka, barabara moja ya kurukia. Kiwanja kilianza kujengwa na Waingereza kipindi cha vita ya pili, wakati huo pale ni nje kabisa ya mji. Mji ukakifuata. Uttara ikajengwa, na Diabari ilipo hiyo shule, mpaka ndege ikinyanyuka tu iko juu ya mapaa. Ndege iliruka saa saba na dakika sita, na muda mfupi tu baadae imeshaanguka. Jeshi lilisema rubani alijitahidi kuitoa kwenye makazi. Sasa aitoe aipeleke wapi, pande zote ni nyumba.

Ripoti ya uchunguzi ilitoka Novemba 2025 ikasema sababu kubwa ni kosa la rubani, ndege ilimshinda akiwa kwenye mazoezi. Watu wengi wakaishia hapo. Mimi nilienda kwenye mapendekezo, la kwanza kabisa mafunzo ya awali ya jeshi la anga yafanyike nje ya Dhaka. Sasa kama kosa ni la dogo peke yake mnahamisha mafunzo ya nini? Jengo nalo lilitajwa, kwa sheria lilitakiwa liwe na ngazi tatu, lilikuwa na moja tu katikati.

Kukosea dogo atakosea, ndo maana ya kujifunza. Mwenye kosa kubwa kwangu ni yule aliepanga kwamba akikosea aangukie wapi.

Jirani wa Nanyuki

Kweli kabisa. Na si kukosea peke yake, Mei 2023 huko Hanumangarh, jimbo la Rajasthan India, MiG-21 iliangukia nyumba ya kijijini, rubani akaruka na parachuti akapona, wamama watatu wakafa wakiwa kwao. Hizo za India ziliagwa rasmi Chandigarh Septemba 2025, miaka 62 kazini, sherehe na bendi. Sijui hao wa Hanumangarh walialikwa.

Utingo Mstaafu

Asanteni wakuu, nimeelewa. Bint Sur yule mpishi wenu mpe pole kwa niaba yetu. Mtoto wa dada yake alirudi shule?

Bint Sur

Nitamfikishia inshallah. Karudi, yu mzima. Ila anasema mtoto akisikia ndege anaacha kula, anaangalia dari mpaka ipite. Na pale kwao zinapita kutwa.