Nimechaguliwa mjumbe wa sinodi, nimepewa dakika tano. Niseme nini kuhusu kesho ya kanisa letu?

Kibatari_Kusini

Wakubwa shikamooni, wadogo habari za jioni.

Mimi ni Mwanglikana wa kuzaliwa, umri miaka 43, mkulima wa korosho na katibu wa kanisa letu. Nipo upande wa Masasi kuelekea Newala. Dayosisi siitaji wala kanisa, maana humu kuna watu wananijua kwa mwandiko tu. Mwezi uliopita nimechaguliwa mjumbe wa walei kwenda sinodi, yaani mkutano mkuu wa dayosisi. Tumeambiwa kila parokia mlei mmoja atasimama dakika tano aeleze matumaini na hofu za waumini wake. Nimepewa mimi, na tangu hapo sijalala vizuri.

Hali yetu iko hivi. Padre mmoja, makanisa sita, pikipiki moja. Misa tunaipata Jumapili moja kati ya sita, na masika yakikaza hata hiyo haifiki. Jumapili nyingine katekista anatuongoza Sala ya Asubuhi. Ana miaka 71 na mtoto wa jicho, kwa hiyo zaburi anazisoma kwa kichwa. Juzi akaruka mstari mzima. Kanisa lote likauitikia ule mstari aliouruka, kana kwamba kausoma, maana na wao wanazijua kwa kichwa. Nilicheka, kisha nikageuka kuangalia nani na nani wameitikia. Hakuna aliyekuwa chini ya miaka hamsini.

Vijana wapo, ila wapo kwenye hema la wokovu karibu na stendi. Mwanangu wa kwanza ana miaka 19, naye yuko huko. Hakuniaga. Nilimkosa kwenye benchi Jumapili tatu, ya nne nikaacha kumtafuta.

Halafu michango. Wenzangu wa kusini mnaijua kangomba: mtu anakuja mwezi wa sita una njaa, anakupa hela kidogo, korosho inakuwa yake kabla mkorosho haujatoa ua. Kanisa sasa linatufanyia hivyo hivyo. Mchango wa nyumba ya padre, mchango wa mkutano, mchango wa safari, yote inatangazwa mwezi wa tatu, wa nne, wakati mtu anawaza salfa, dawa ya mikorosho, ataipata wapi.

Wazee wangu wananitaka nisimame niseme historia. Kwamba mwaka 1876 Askofu Edward Steere alitoka Zanzibar na watumwa waliokombolewa, wakafika Masasi, kanisa likaota pale chini ya milima ya mawe, na kwamba sisi ni wajukuu wa watu wale tusitikiswe na mahema. Ni kweli na inanigusa. Lakini dakika tano zikiishia 1876, nani atasema habari ya mwanangu?

Naomba ushauri. Niseme ukweli wote, hata wa michango? Au nitaonekana nimetumwa?

Mlalahoi_Temeke

Mkuu mimi ni mtoto wa Newala, nipo Dar mwaka wa kumi. Nililelewa Anglikana, nimekula sana uji wa Sunday school. Sasa nasali kwa hao hao wa hema.

Watu wanadhani tunafuata miujiza. Mimi sijaona muujiza hata mmoja, labda ule wa kulipa kodi kwa mshahara wangu. Nilienda mara ya kwanza kwa sababu jirani alinibeba. Mara ya pili mtu akaniambia "kaka, baki kidogo utusaidie kukunja nyaya za spika". Nikakunja. Jumapili iliyofuata nikawahi, maana nyaya ni kazi yangu. Kule nyumbani nilikaa kanisani miaka kumi na nane, na kazi pekee niliyowahi kupewa ni kunyamaza.

Swali: umemuuliza mwanao anafanya nini huko?

Kibatari_Kusini

Sijamuuliza.

UpakoKamili

Bwana asifiwe! Ndugu mleta mada jibu liko wazi, acheni kusoma sala vitabuni, Roho hasomwi. Njoo na wewe upokee, utaungana na mwanao.

Kibatari_Kusini

Amina mtumishi. Karibu na wewe kwetu. Benchi zipo nyingi mno.

Mngoni_Mpole

Nimecheka hiyo ya benchi. Nipo Songea, Mkatoliki. Mleta mada ukianza na 1876 usisahau 1882, ambapo babu zetu Wangoni, Magwangwara mlivyowaita, walikuja kuwatembelea hapo misheni Masasi. Samahani kwa niaba ya ukoo, tulichelewa kuomba radhi kidogo.

Tukiacha utani, hiyo ndiyo historia ningeisema mimi. Misheni ilivamiwa, watu wakatawanyika, na bado kanisa halikufa. Wazee wako wanapenda sehemu ya kufika, hawapendi sehemu ya kukimbia. Huko kwenye kukimbia ndiko mnakofanana nao leo.

Kibatari_Kusini

Mlichoma, mkaiba, leo mnatushauri. Nimepokea.

BintiMikindani

Assalaam alaykum, na kwa wenzangu tumsifu. Mimi ni Muislamu wa Mikindani, ila mama mdogo wangu ameolewa kwenu huko Masasi, Krismasi tunakuja kula pilau na Idi mnakuja kwetu. Kwa hiyo nasema kama mtu wa nyumbani.

Kwetu mtoto akitoka shule anakula, anabeba juzuu, anaenda chuoni, yaani madrasa. Karibu kila siku. Ustadhi anamjua huyu mvivu, huyu kichwa chepesi, huyu mama yake anaumwa. Watoto wa mama mdogo wanaenda kanisani Jumapili saa moja, nusu yake wanachora. Sisemi mfanye kama sisi. Nasema mtoto mnayemwona saa moja kwa wiki msishangae akiwasahau.

Na sisi pia vijana wanatuponyoka, msidhani huku ni pepo.

Mwl_Mstaafu_Lulindi

Kijana wangu mleta mada, salamu. Nimeusoma uzi wote kwa miwani ya mjukuu.

Mimi niliingia jandoni mwaka 1962, jando la kanisa. Askofu wa Masasi wakati huo alikuwa Trevor Huddleston, yule Mwingereza aliyetoka kupambana na ubaguzi Afrika Kusini. Lakini jando la kanisa hakulianzisha yeye. Lilikuwa kazi ya Vincent Lucas, na aliianza hata kabla hajawa askofu wa kwanza wa Masasi mwaka 1926. Wamisionari wengi sehemu nyingine walipiga marufuku ngoma na jando, wakasema ni ushenzi. Lucas akakaa na wazee wa Kiyao na Kimakua, akawauliza nini ni nini. Kilichopingana na Injili kikaondolewa, kilichobaki kikabarikiwa. Wapo waliomlaumu kwamba amelichovya kanisa kwenye mila, na wapo wazee wa mila waliosema ameiibia mila chumvi yake. Mimi sitaki kuamua ugomvi huo leo.

Ninachojua ni nilichokiona. Padre alitubariki kabla hatujaingia. Tulikaa kumbini wiki kadhaa, usiku tunaota moto, kungwi anafundisha kwa nyimbo, na katikati ya nyimbo za babu zetu kulikuwa na Baba Yetu. Tulipotoka, nguo mpya, mafuta mwilini, tulipelekwa kanisani kwanza, nyumbani baadaye. Mama yangu alinipokea kwenye ngazi za kanisa. Ningelihamaje kanisa hilo? Ningemwachaje mtu aliyenifanya kuwa mwanaume?

Shule nazo zilikuwa za kanisa, Chidya kwa mfano. Baada ya Azimio la Arusha la 1967 zikataifishwa, na mimi niliyefundisha serikalini miaka 34 silalamiki, watoto wengi zaidi walisoma. Ila hesabu yake ni kwamba kanisa lilikuwa na mtoto darasani, lina mtoto kumbini, lina mtoto altareni. Leo watoto wengi wanatahiriwa hospitali asubuhi, jioni wako nyumbani wanaangalia katuni. Kanisa limebaki na altare peke yake, na padre hayupo.

Usiende kuomba jando lirudi, watakucheka, na mambo ya afya yamebadilika. Waulize tu: sasa hivi ni wiki gani katika mwaka ambayo kanisa linakaa na kijana wake hadi moto uzimike?

Kibatari_Kusini

Shikamoo mwalimu. Hili la moto nimeliandika pembeni.

Mama_Wawili_Dom

Dodoma hapa, Anglikana pia. Nimeona mnalia uhaba wa mapadre. Huku dayosisi yetu ya Central Tanganyika tuna makasisi wanawake, wanabatiza, wanaadhimisha meza ya Bwana, wanatuzika. Najua nyie wa kusini mlilelewa na wamisionari wa UMCA, kanisa la juu, ubani na kengele, sisi tulilelewa na wamisionari wa CMS. Kanisa moja, malezi mawili. Lakini hapo kwenu nani anafagia, nani anafundisha watoto, nani anatembelea wagonjwa? Halafu mnasema watumishi hakuna.

Mwl_Mstaafu_Lulindi

Mama, hilo kwetu likitajwa sinodi inaisha siku hiyo hiyo.

Mama_Wawili_Dom

Shikamoo mwalimu. Iishe basi, muanze nyingine.

Karani_wa_Ghala

Mimi ni karani kwenye AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, siitaji ipi, nimekaa kwenye stakabadhi ghalani, ule mfumo wa kuuza korosho kwa mnada kupitia ghala, tangu nina nywele. Nijibu la hela, nalo ni jepesi kuliko mnavyolifanya.

Hela ya kusini ina msimu. Minada inaanza Oktoba, mkulima analipwa, hadi Januari mfuko una uhai. Ahadi ya mwaka ichukuliwe hapo, mara moja, na mapato na matumizi yabandikwe mlangoni, hata kwa kalamu ya mkaa. Mwezi wa nne msimguse mtu. Na wekeni akiba: mnakumbuka msimu wa 2018/2019, wanajeshi walipokuja kubeba korosho kwa bei ya 3,300 kwa kilo na watu wakakaa wanasubiri malipo? Mimi nilikuwa mhesabu sadaka kwetu. Kuna Jumapili kapu lilirudi na sarafu na mayai mawili.

Ila shida yako si hela, kaka. Kwetu chamani mkulima asipoleta korosho msimu mmoja tunamjua kwa jina, tunatuma mtu aulize: umeugua, umeuza kangomba, umehama? Nyie mnasema "vijana wametoka". Vijana ndio akina nani? Kanisa Anglikana kila anayepata kipaimara anaandikwa. Fungua hilo daftari. Nenda sinodi na majina, manung'uniko kila mtu atakuwa nayo.

Mlalahoi_Temeke

Karani apewe uaskofu.

Kibatari_Kusini (baada ya siku tisa)

Wakuu nimerudi. Sinodi inaanza keshokutwa.

Nimefungua daftari. Nilikaa na katekista chini ya mwembe, mimi nasoma, yeye anakumbuka. Tulichagua kipaimara cha 2012, majina 27. Wanaokuja hadi leo ni watano, wanne wanawake. Wanane wako kwenye mahema mbalimbali. Watatu wameolewa na Waislamu wakasilimu, na wawili kati yao bado wanatuletea maandazi ya sikukuu. Sita wako Dar. Mmoja tulimzika. Hao wote katekista aliwataja bila kusita, hadi majina ya mama zao.

Wanne hatukujua walipo. Wawili nimewapata kwa kuulizia. Mmoja wao ni fundi pikipiki nyuma ya soko. Ndiye anayemtengenezea padre pikipiki! Mwaka wa tatu huu padre anampelekea plagi na cheni, analipa, anaondoka, hawajui kama ni mchungaji na kondoo wake. Nilipomweleza akaifuta mikono kwa kitambaa, akanyamaza kidogo, akasema, "Kumbe ile safari ya kwenu ndiyo inayoua shokapu? Mngeniambia ningekuwa naikagua Ijumaa."

Basi anaikagua Ijumaa. Kanisani bado hajaja, nami sijamwambia aje.

Mwanangu nimemuuliza. Anapiga drams. Mwaka wa pili sasa, na mimi baba yake nilikuwa sijui kama anajua kupiga hata debe. Jumatano nilienda nikakaa nyuma kabisa, karibu na jenereta. Maombi yao ni ya kelele na yule mhubiri aliongea hela kuliko padre wetu, hilo nalisema wazi. Lakini kijana anapiga. Nilirudi naye kwa miguu, tukaongea habari za korosho tu.

Hotuba nimeiandika usiku, yeye ndiye aliyeinakili maana mwandiko wangu ni wa kuku. Nimeweka majina yale 27 bila kutaja ya ukoo, nimeweka swali la mwalimu la moto, nimeweka msimu wa michango kama alivyosema karani. La makasisi wanawake nimeliacha, mama wa Dodoma unisamehe, dakika tano hazitoshi kwa vita hiyo. Aya ya 1876 kijana aliikata. Nikairudisha. Akaikata tena. Tumekubaliana ibaki sentensi moja, na hapo hapo ameongeza Magwangwara, sijui ameyatoa wapi.

Mvua zimeanza huku. Daftari nimelifunga kwenye mfuko wa salfa, nimeufua mara mbili na bado unanuka.