Mjadala: Turudishe futi 40 kwa timu za pili za softiboli shuleni?

Wazazi wenzangu mlioko Marekani wenye mabinti kwenye timu za pili za softiboli (mchezo wa gongo unaofanana na beziboli) sekondari, naomba tuzungumze bila kuoneana haya juu ya umbali kati ya mrushaji na mpigaji: turudi futi 40 au tubaki na 43 za sasa? Urushaji umeshuka, na wanaoumia ni watoto wote uwanjani.

Mnaziona mechi zenyewe. Mrushaji anakosa shabaha mara nne, mpigaji anapewa bure besi ya kwanza, yaani kituo cha kwanza kati ya vinne ambavyo mchezaji huzunguka ili apate pointi. Anayefuata vivyo hivyo. Besi zikijaa, kila anayepewa bure anamsukuma mwenzake hadi nyumbani, yaani kituo cha mwisho, na pointi zinaingia bila gongo kugusa mpira. Walinzi wa nje wamesimama kwenye baridi ya Aprili, hawana cha kukimbilia. Mpigaji naye anaambiwa asubiri, asipige, maana kusubiri kunalipa. Msimu unaisha hajajifunza kupiga.

Wapo wanaosema watoto wa siku hizi hawana bidii. Sikubali hata kidogo. Kuzungusha mkono duara zima na kuuachia mpira karibu na nyonga, tena uende unakotakiwa, hakufundishiki kwa wiki chache kabla ya msimu. Kunataka miezi, mtu wa kukurekebisha na mtu wa kukudakia. Kazi hiyo shule nyingi zimewaachia makocha binafsi na klabu za kulipia. Mwenye nacho anamlipia bintiye, na binti akiiva tu, hata kama ndiyo kwanza yuko darasa la tisa, anapandishwa timu ya kwanza. Timu ya pili inabaki na yeyote aliyekubali kujaribu. Sisi tuliotoka Afrika Mashariki, wengi hatukukua na mchezo huu, hata kumrekebisha mtoto nyumbani hatuwezi.

Kanuni nazo zimetungwa kwa kumtazama mrushaji bora. Umbali wa sekondari ulikuwa futi 40, ukasogezwa hadi 43 kuanzia mwaka wa shule wa 2010-11, ili wapigaji wapate nafasi zaidi mbele ya warushaji waliokuwa wakiwazidi nguvu. Futi 43 ndizo za vyuo vikuu pia. Halafu umbali huo huo akapewa msichana wa miaka 14 aliyeanza kurusha juzi! Tena, tangu 2017 kila jimbo linatakiwa kuweka kikomo cha mirusho kwenye beziboli ya sekondari. Softiboli haina sharti hilo kitaifa, kwa hiyo kocha anaweza kumtumia msichana mmoja mechi baada ya mechi, na wa pili na wa tatu wasiandaliwe kamwe.

Wengine wanataka kocha achukue mpira na kumrushia mpigaji yeye mwenyewe baada ya mirusho minne mibovu, kama kwenye ligi za watoto wadogo. Mechi itakwenda haraka, lakini mrushaji atanyang'anywa mpira pale pale anapouhitaji.

Mimi nasema timu za pili zirudi futi 40, na shule ziwafundishe kurusha wasichana wote wanaotaka, bure, tangu majira ya baridi. Yapo majimbo yanayobana mazoezi ya kocha nje ya msimu. Huko, wazazi twende kwenye vikao vya bodi za shule tuombe njia.

Anayeona futi 40 zitamlemaza mtoto siku akipandishwa timu ya kwanza, naomba anieleze: leo, akiwa futi 43 na mpira haumfikii mdakaji, anajifunza nini?