Naomba somo la kidato cha tatu linalohitaji historia na sayansi pamoja

mwl_malindi
Walimu wenzangu, wanafunzi wanaolenga udaktari na uhandisi wanaona historia ni ya kukariri tu. Nina vipindi viwili vya dakika 40. Nguzo ya Vasco da Gama iko hapa hapa mjini, lakini wakishapiga picha basi.

kusi_na_kaskazi
Mwalimu, nguzo waachie watalii; somo limo kwenye tarehe. Da Gama aling'oa nanga Malindi 24 Aprili 1498, kusi ikianza, akaiona India baada ya siku 23 hivi. Kurudi alitoka kisiwa cha Anjediva 5 Oktoba, kaskazi haijashika, akatia nanga Malindi 7 Januari 1499: siku 94. Masafa ni kama kilomita 4,200 kila upande. Wagawanye: kwenda kilomita 180 kwa siku, kurudi 45. Waulize sababu, utaona watakavyozitafuta pepo za msimu wenyewe. Tahadhari: wengi huidhani 45 kuwa mwendo wa chombo. Huo ni mstari ulionyooka, na chombo kinachobisha, yaani kinachokwenda mshazari dhidi ya upepo, hakiendi hivyo.

maabara_pwani
Kipindi cha pili kiwe cha kiseyeye, ugonjwa wa kukosa vitamini C, ulioua mabaharia 30 katika marejeo hayo. Walipofika Malindi, wagonjwa walitaka machungwa.

Chuja maji ya chungwa kwa kitambaa. Tia mililita 2 za DCPIP, rangi ya buluu inayopotezwa na vitamini C, kwenye neli ya majaribio, dondosha maji hayo tone kwa tone, hesabu mpaka rangi ipotee. Rudia kwa yaliyochemshwa dakika 10. Matone machache, vitamini C nyingi. Asidi huigeuza buluu kuwa waridi kwanza, na hapo ndipo wengi huacha kuhesabu. Wangoje waridi iishe. Wasitikise kwa nguvu, hewa huirudisha rangi. Na yaliyochemka yaongezwe maji yafikie kipimo cha awali, la sivyo yatakuwa yamekolea na jibu litawadanganya.

mwl_malindi
Ahsanteni. Na insha?

kusi_na_kaskazi
Shajara ya safari inasema machungwa hayakuwafaa sana wagonjwa, ikalaumu hali ya hewa ya Malindi. Waulize: tuamini shajara au jaribio la maabara, na kwa nini? Anayeandika "walikosa vitamini C" akaishia hapo apewe nusu ya alama, maana hayo ni maarifa yetu. Hata jaribio la daktari James Lind la tiba ya kiseyeye, kwa mabaharia 12, lilikuja 1747. Anayemtaja Ibn Majid, baharia Mwarabu, kuwa rubani wa da Gama aulizwe kayatoa wapi. Wanahistoria wengi wanalikataa hilo.